Kutembea na klabu yetu Lindi na Mtwara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila tukitangaza safari, maswali yaleyale hurudi kwenye simu za viongozi, mengine usiku wa manane wa kuamkia siku yenyewe. Tumeyaweka hapa pamoja na majibu yetu. Kama huna muda wa kusoma yote, soma ya maji, ya viatu na ya Newala. Tunataka utembee nasi, na zaidi ya hapo tunataka urudi nyumbani mzima, ukiwa na hamu ya safari nyingine.

Sijawahi kupanda mlima hata siku moja. Nitaweza?

Wengi wanaouliza hivyo huweza. Huku kusini hatuna vilele vya barafu. Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, iko kama mita 700 juu ya usawa wa bahari, na Rondo inavuka 800. Kwa urefu huo hakuna anayeishiwa pumzi kwa sababu ya uhaba wa hewa. Kinachowaangusha watu hapa ni joto, mchanga unaomeza mguu, na miteremko mikali inayoumiza magoti.

Jipime kabla ya kujiandikisha. Toka asubuhi, tembea saa mbili bila kukaa, ukiwa na begi lenye chupa mbili kubwa za maji. Ukiamka kesho yake bila kuchechemea, njoo Mikindani, ndiko tunakowaanzishia wageni wengi. Ukiona saa mbili ni nyingi, anza na saa moja kisha uongeze kila wiki. Kwenye kundi letu wamo walimu, mama lishe, madereva wa bodaboda na wastaafu, na wengi wao walianza hivyohivyo.

Mimi ni mzito wa mwendo. Sitawachelewesha wenzangu?

Mwendo wa kundi ni mwendo wa yule aliye polepole kuliko wote. Kanuni hii hatuilegezi kwa mtu yeyote, na ndiyo iliyotufanya tuanzishe klabu badala ya kuacha kila mtu atembee na rafiki zake. Mwenye mwendo mdogo tunamweka mbele, nyuma tu ya kiongozi, na yupo mmoja wetu anayefunga msafara ambaye haruhusiwi kumpita yeyote.

Sababu yake utaielewa ukishatembea. Aliyeachwa nyuma anawafikia wenzake wakiwa wamekaa kivulini. Anapowafikia tu, wao wameshapumzika na wanainuka. Kwa hiyo anayehitaji kupumzika kuliko wote ndiye asiyepumzika kabisa. Huyo ndiye anayeanza kujikwaa, anayesahau kunywa maji, anayekata kona asiyoijua ili awafikie. Ajali nyingi za porini huanzia hapo. Wenye miguu myepesi tunawapenda, lakini anayetaka kushindana tunamwomba atafute mbio za barabarani, maana kwetu hatapata wa kushindana naye.

Mnakwenda wapi hasa?

Ratiba hubadilika kila msimu, lakini njia tunazozirudia ni hizi.

Mikindani ni kilomita kama kumi tu kutoka Mtwara mjini. Tunaanzia mji mkongwe, tunapita Boma la Wajerumani la mwaka 1895, tunapanda kilima kilicho nyuma yake hadi mahali ambapo ghuba yote inaonekana na ngalawa zake. Hapo ndipo Livingstone alipotua mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Njia ni fupi, kivuli kipo, na ukichoka barabara ya lami haiko mbali.

Msimbati na pwani yake ni matembezi ya mchangani ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Hakuna kupanda popote, ila kuna jua la juu na jua linalorudishwa na maji. Saa ya kuondoka tunaipanga kwa kufuata bahari. Maji yakipwa, mchanga ulio karibu na maji huwa mgumu na mguu unapata pa kukanyaga. Yakijaa unasukumwa juu kwenye mchanga laini ambako kilomita moja inageuka tatu. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupwa mbali na hujaa juu sana. Na kwa kuwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, saa ya safari ya Jumamosi iliyopita haikuhusu Jumamosi hii. Usishangae tukikuambia mara hii tunaondoka saa 10 usiku.

Masasi ni majabali. Ukitokea Ndanda unayaona yamesimama peke yake katikati ya tambarare, miamba migumu iliyobaki baada ya udongo na mawe laini ya pembeni kumomonyoka kwa muda mrefu mno. Chini ya vilima hivyo, mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana aliwafikisha watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, wakajenga makazi yao. Tukifika kileleni huwa tunakaa tunazungumza habari hizo, na wenyeji wa Masasi wanajua mengi kuliko sisi. Jabali kavu linashika kiatu vizuri. Jabali lililolowa, hata kwa umande tu, halipandwi.

Rondo ni msitu, na kwa baadhi yetu ndio moyo wa klabu. Ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Barabara ya kupanda huko inaanza kwenye joto la Lindi, na ukifika juu unatafuta sweta. Ipo mivule mikubwa, ipo miti ambayo hata wazee waliokulia pale wanasimama kidogo kabla ya kuitaja jina. Anaishi humo komba mdogo sana, wa gramu kama 60, mwenye mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Dunia ya sayansi inamwita komba wa Rondo, na yumo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Mchana hutamwona, kwani ni wa usiku. Lakini kutembea chini ya miti anayolala, ukijua kuwa msitu wa namna hii umebaki kwa vipande vipande pwani yote ya Afrika Mashariki, kunatosha kumfanya mtu aokote hata karatasi ya pipi aliyoidondosha mwenzake.

Tendaguru na Newala zina maswali yake hapa chini.

Msimu mzuri ni upi?

Juni hadi Septemba. Kusi linavuma, asubuhi kuna ubaridi, na njia zimekauka. Oktoba na Novemba joto ni kali, kwa hiyo tunabaki na safari fupi za alfajiri. Mvua zikianza, kwa kawaida kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba, hadi Aprili au Mei, tunasimamisha Rondo na Tendaguru kwa sababu barabara za udongo zinakuwa utelezi na magari yanakwama. Mikindani tunaendelea nayo, tukitazama anga na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Kuanzia Agosti jihadhari na moto wa nyika. Tukiona moshi upande tunakoelekea, tunabadili njia siku hiyohiyo.

Newala mmeipa daraja la "ngumu", na mimi naona ni kuteremka tu. Kwa nini?

Kwa sababu umelitazama bonde kutoka juu, na ukitazama kutoka Shimo la Mungu kila kitu kinaonekana chepesi. Uwanda wa Makonde unapanda polepole kutoka pwani, hata kwenye gari husikii kama unapanda, halafu ukifika Newala unakatika ghafla. Unasimama ukingoni, chini yako kuna bonde, mbele huko Mto Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Kila anayefika hapo hunyamaza kwanza.

Mlima wa kawaida unauanza kwa kupanda, ukiwa na nguvu, na ukichoka unageuka ukateremka. Newala ni kinyume chake. Unateremka asubuhi ukiwa mchangamfu, magoti hayajalalamika, upepo unapiga. Kisha unageuka, na kila hatua uliyoteremka inakudai. Unapanda jua likiwa limeshika, bondeni hakuna upepo, na maji uliyobaki nayo ni yale ambayo hukuyanywa. Mtu akizidiwa pale chini hakuna gari la kumfuata. Atapandishwa na wenzake.

Kwa hiyo tuna masharti. Hatuteremki baada ya saa 1 asubuhi. Saa 3 na nusu ikifika tunageuka, popote tulipo, hata kama imebaki hatua mia moja kufika tulikokusudia. Kila mtu awe na lita nne za maji. Asiyewahi kutembea nasi safari nyingine yoyote hatumpeleki Newala, hata akituonesha picha zake za Kilimanjaro, kwa sababu tunahitaji kujua anavyotembea akichoka.

Wazee wa huko watakusimulia kuwa zamani juu ya uwanda maji yalikuwa shida kubwa, na akina mama waliteremka mabondeni kuteka, wakapanda na mitungi kichwani. Unapohema na begi lako mgongoni, wakumbuke. Na ukikutana na mtu aliyebeba mzigo, mpishe wewe, tena mpishe upande wa ndani wa njia.

Nivae viatu gani?

Raba yenye meno chini, iliyokwisha kuzoea mguu wako. Buti za kupandia milima ni nzuri kama unazo, lakini usinunue kwa ajili yetu. Mitumba ya Mtwara na Lindi ina raba imara kwa bei ya kawaida. Ikunje soli, ikikunjika katikati kabisa iache, na gusa meno yake kama bado yapo. Ivae wiki mbili kabla ya safari. Viatu vipya siku ya safari ni malengelenge kabla ya saa 4.

Kandambili na yeboyebo ni za kubadilisha ukirudi kwenye gari. Kwa Masasi hatumchukui mtu mwenye soli iliyolainika.

Na nguo?

Suruali ndefu nyepesi na shati la mikono mirefu. Jua ni sababu moja. Sababu nyingine ni upupu. Kiangazi maganda yake yanakauka, na vinyweleo vyake vinapeperuka hata kabla hujaugusa mmea. Ukikupata usijikune wala usikimbilie maji. Mwite kiongozi, atatumia majivu au udongo mkavu kuutoa kwanza, au utepe wa gundi tulio nao kwenye kisanduku. Ukijikuna unausambaza mwili mzima.

Tunapita katikati ya vijiji, na vijiji vingi vya Lindi na Mtwara ni vya watu wenye staha. Kaptura fupi na nguo za kubana ziache nyumbani. Kila begi liwe na kanga au kikoi: ni kivuli, ni mkeka, ni pazia la kubadilishia nguo, na ni machela mtu akiumia. Ongeza kofia yenye ukingo, tochi yenye betri mpya hata kama tunarudi mchana, na filimbi.

Maji kiasi gani?

Lita tatu kwa kila mtu. Nne kwa Newala na kwa safari yoyote ya Oktoba na Novemba. Tunakagua kabla ya gari kuondoka. Aliyepungukiwa anaenda dukani, na kama duka limefungwa anabaki. Tunajua inauma kumrudisha mtu aliyeamka saa 9 usiku, lakini inauma zaidi kugawana lita moja watu watatu mkiwa katikati ya pori.

Igandishe chupa moja usiku, ibebe ikiwa barafu. Kunywa mafunda mawili matatu kila robo saa bila kungoja kiu. Weka begini pakiti mbili za ORS, ile chumvi yenye sukari ya kuchanganya na maji, zinauzwa duka lolote la dawa, kwa sababu anayetoka jasho kutwa nzima akanywa maji matupu anapoteza chumvi na kuanza kukakamaa misuli. Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu havihesabiwi kama maji. Na msimu wa mabibo hatutaki kumwona mtu amepitia uraka, pombe ya mabibo, asubuhi. Pombe inakausha mwili, na jua la huku halikupi nafasi ya pili.

Ukiona mwenzako ameacha kutoka jasho, anajibu mambo yasiyoeleweka au anayumba, piga filimbi mara tatu. Usimwambie ajikaze. Anatakiwa kivuli, kuloweshwa maji mwilini na kupepewa, tena papo hapo.

Chakula mnatoa?

Hatutoi, ila tunakula pamoja. Beba chakula kisichochacha kwa joto: karanga, korosho, mihogo ya kuchemsha, mayai, ndizi, chapati. Ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, ikiwa msimu wake kuna daima anayekuja na mfuko mzima, naye huwa haruhusiwi kuondoka nao. Wali wa nazi wa jana usilete.

Mchango unalipia nini?

Kila tangazo lina mchanganuo wake: nauli ya gari, posho ya mwenyeji wa kijijini, kiingilio cha hifadhi panapohusika, kifuta jasho cha kijiji kinachotupokea, na kujaza upya kisanduku cha huduma ya kwanza. Viongozi wa klabu hawalipwi. Kiingilio cha wasio raia kwenye hifadhi za misitu na za bahari ni kikubwa zaidi, hivyo kama unakuja na mgeni tuambie mapema ili asishtuke getini. Lipa kwa simu kupitia namba iliyo kwenye tangazo, jina litakalotokea liwe la klabu. Likitokea jina la mtu, usitume, tupigie.

Ukijitoa siku tatu kabla, unarudishiwa. Ukijitoa usiku wa kuamkia safari, nauli hairudi, kwani kiti chako kimeshalipiwa. Tukiahirisha sisi, unachagua kurudishiwa zote au kuzihamishia safari ijayo.

Kwa nini kila mahali lazima mwenyeji wa kijijini? Simu zina ramani.

Ramani ya simu inajua njia ilipo. Haijui kuwa njia hiyo imefungwa tangu mwezi uliopita kwa sababu mtu amelima. Haijui mti upi una nyuki, wala kisima kipi kimeharibika. Haijui kuwa upande ule kuna vijana wako jandoni na hapapitiki kabisa. Hili la mwisho tunalitilia mkazo. Msimu wa jando na unyago, Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua wana maeneo ambayo mgeni hakaribii, na mwenyeji akisema tuzunguke, tunazunguka bila kuuliza mara mbili na bila kutoa simu kupiga picha.

Kwa taratibu pia, hatuingii kijijini kimyakimya. Kiongozi huwasiliana na mwenyekiti na mtendaji siku kadhaa kabla, na tukifika tunapita ofisini kusaini kitabu cha wageni. Toa shikamoo kwa wakubwa, itikia marahaba ya utani ya bibi aliyekaa barazani, ndipo tuendelee. Dakika kumi hizo ndizo zinazotufanya tukaribishwe tena.

Tunapita kwenye mikorosho. Naruhusiwa kuokota?

Hapana. Korosho iliyoanguka chini ina mwenyewe. Ndivyo inavyovunwa: inaachwa idondoke na bibo lake, kisha inaokotwa. Kati ya Oktoba na Desemba unachokiona ardhini ni ada ya shule, bati la nyumba na deni la pembejeo la mtu. Ukitaka bibo, omba; mara nyingi utapewa zaidi ya ulichoomba. Ukitaka korosho, nunua kwa waliobangua, na nunua pale pale kijijini.

Jambo jingine la mikorosho ni salfa. Kuanzia Juni hivi wakulima wanaipuliza dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na vumbi la njano linawasha macho na koo. Hupulizwa alfajiri hewa ikiwa imetulia, saa hizohizo tunazopita sisi. Beba barakoa. Mwenye pumu atuulize kwanza kama njia ya siku hiyo inapita shamba linalopulizwa.

Nina pumu, presha au kisukari. Mnanichukua?

Tunakuchukua ukituambia. Andika kwenye fomu, anayeisoma ni kiongozi wa siku hiyo na mtu wetu wa huduma ya kwanza tu. Pampu ya pumu iwe mfukoni mwako, isiwe chini ya begi. Mwenye kisukari aje na kitu kitamu na asiruke mlo wa asubuhi. Mwenye presha aongee na daktari wake kuhusu kutembea juani na dawa anazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa hupunguza maji mwilini. Mjamzito tunamkaribisha Mikindani kwa ruhusa ya anakohudhuria kliniki, kwingine tutamsubiri.

Anayeficha tatizo lake anatuweka pagumu sisi na yeye mwenyewe.

Nyoka je?

Wapo, akiwamo kifutu, ambaye hakimbii na hufanana na majani makavu, na koboko ambaye hukimbia akikusikia mapema. Kwa hiyo tembea katikati ya njia, kanyaga kwa kishindo, usiweke mkono mahali usipopaona, na usikae juu ya gogo kabla hujaligonga kwa fimbo. Hatuui nyoka. Tunampisha.

Akimgonga mtu: akae chini atulie, avuliwe pete, saa na kiatu, sehemu iliyogongwa isitikiswe, abebwe. Hakuna kuchanja, kunyonya, kufunga kamba ya kubana wala kuweka jiwe. Tuna orodha ya hospitali kwa kila njia, Sokoine kwa Lindi mjini, Ligula kwa Mtwara, Nyangao, Ndanda na Mkomaindo kwa barabara ya Masasi, na kiongozi hupiga simu mbele ili wajiandae tukiwa njiani. Namba za dharura ni 112, na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, lakini kwenye mabonde mtandao hukatika, ndiyo maana siku zote gari hubaki na dereva mahali penye mawasiliano.

Nyuki tunawaogopa zaidi ya nyoka. Usijipulize manukato. Wakitoka, funika uso na kanga, kimbia mbali bila kupiga mikono, usisimame kumsaidia mtu ukiwa bado katikati yao. Tembo wapo zaidi upande wa Liwale na Nachingwea, ila huzurura. Tukikuta kinyesi kibichi cha tembo, safari imeishia hapo.

Ni mwanamke na nakuja peke yangu. Nitakuwa salama?

Kila safari ina angalau kiongozi mmoja mwanamke, na namba yake inakuwa kwenye tangazo. Akina mama na dada ni wengi kwenye kundi letu. Haja ndogo na kubwa zina utaratibu: tunasimama, wanaume wanatangulia mbele, mnakwenda wawili wawili, koleo dogo tunalo, na karatasi na pedi zinarudi mjini kwenye mfuko mweusi. Anayemsumbua mwenzake kwa maneno au kwa mikono hatembei nasi tena, na hatuitishi kikao cha kusuluhisha.

Swala na Ramadhani?

Adhuhuri tunasimama mahali penye kivuli, na ikiwezekana karibu na msikiti wa kijiji. Chupa ya udhu usiihesabu kwenye lita zako tatu. Ramadhani hatuna safari ndefu. Safari za Jumapili tunazipanga zile za jioni, waliokwenda kanisani wakiwa wametoka.

Watoto?

Mikindani na pwani, kuanzia miaka saba, wakiwa na mzazi. Masasi na Rondo, kumi na mbili. Newala, kumi na minane.

Tendaguru kuna nini cha kuona? Mifupa ya dinosaria si ilipelekwa Ujerumani?

Ilipelekwa, na ndiyo sababu ya kwenda. Kilima chenyewe ni cha kawaida, kiko kama kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa Lindi mjini, na ukifika bila kujua utapita tu. Lakini kati ya mwaka 1909 na 1913, Vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimekwisha, mamia ya watu wa maeneo haya walichimba pale mifupa ya mijusi wakubwa walioishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, aliyekuwa na jicho la kuitambua mifupa ardhini. Zikatoka tani kama 250, zikafungwa, zikabebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi. Mnyama mmoja aliyeunganishwa kutokana na mifupa hiyo amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, na wageni kutoka dunia nzima wanainua shingo kumtazama.

Sisi tunatembea kipande cha nchi ambayo wabebaji wale waliipita. Kiongozi anasimulia njiani, na aliye na babu aliyesimuliwa anaongeza. Tunaamini mtoto wa Lindi anastahili kusimama pale hata kama hajawahi kuwaza kufika Berlin.

Kuokota ni marufuku, hata kipande kidogo kama ukucha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda masalia hayo. Ukiona kitu kinachofanana na mfupa, kiache kilivyo, mwite kiongozi apige picha na kuandika mahali. Njoo na shati la rangi hafifu, kwani mbung'o hufuata rangi ya buluu na nyeusi.

Naweza kurusha droni?

Ukiwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ruhusa ya eneo husika. Karibu na mpaka, hapana kabisa. Picha za watu, omba kwanza. Za watoto, omba kwa mzazi.

Tukifika Ruvuma tunaweza kuvuka ng'ambo?

Hapana. Ule ni mpaka wa nchi, na hali ya usalama kaskazini mwa Msumbiji imewaumiza hata watu wa upande wetu. Kwa safari zote za kusini ya Newala na Tandahimba, na za Msimbati, beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, na utegemee kukaguliwa njiani. Tunatoa taarifa polisi kabla ya kuondoka. Wakisema tusiende, hatuendi.

Natokea Dar. Nipange vipi?

Fika siku moja kabla. Basi la mchana kutwa halafu kuamka saa 9 usiku ni njia ya hakika ya kuzidiwa. Kwa safari za Rondo na Tendaguru shukia Lindi mjini. Kwa Masasi panda basi linalopitia njia panda ya Mnazi Mmoja ya Lindi kuelekea huko moja kwa moja. Kwa nyingine, Mtwara. Wakati wa masika acha nafasi ya siku moja kila upande. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara hii ya kutoka Dar pale Somanga, na waliokuwa na tiketi za siku hiyo wanakumbuka.

Nimeshawishika. Nafanyaje?

Jaza fomu: jina, umri, namba ya ndugu wa kupigiwa simu, afya yako, na safari ya mwisho uliyotembea. Kiongozi atakupigia, tena kwa simu ya sauti na si ujumbe, akuulize maswali machache na kukuambia kama safari uliyochagua inakufaa. Akikushauri Mikindani kwanza, mkubalie. Ukishathibitishwa unalipa, unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la safari hiyo, na siku mbili kabla tunatuma mahali pa kukutana, saa ya kugeuka na jina la hospitali iliyo karibu. Mtumie ndugu yako ujumbe huo kama ulivyo.

Siku yenyewe fika saa 10 na nusu alfajiri kwa ukaguzi wa maji na viatu. Gari linaondoka saa 11 kamili, isipokuwa kwa safari za pwani ambazo saa yake inapangwa na bahari, na zile za jioni.